Maji Yalale Bila Kifuniko

Mzee Nzioka alizaliwa Yatta, kwenye nchi kavu, na mtu wa Yatta hafundishwi kutunza maji. Kwao mtoto alijua kufunika mtungi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Mama yake aliweza kusamehe nguo iliyoraruka na mbuzi aliyelala nje, lakini aliyeacha maji wazi alichapwa kwanza akaulizwa baadaye. Vumbi, nyuki, kuku, jua, wote hao walikuwa wezi wa maji. Hata alipozeeka, akastaafu udereva wa lori na kujenga nyumba ya mawe pembeni mwa mji wa Machakos, hakuweza kupita karibu na ndoo iliyo wazi bila kutafuta sinia la kuifunika. Wengine hawawezi kuacha tumbako. Yeye hakuweza kuacha hilo. Nimelitaja mapema kwa sababu ndilo lililomponza.

Mkewe, Wagaki, alikuwa mtu wa kufunuafunua. Alifunua sufuria za watu, magazeti ya watu, na mawe ya mtoni ili aone kuna nini chini. Baba yake alikuwa Mkikuyu aliyeuza misumari na mabati katika soko la Tala, na hapo ndipo Nzioka alipomwona, siku aliyopeleka shehena ya mabati akaambiwa na msichana mwembamba kwamba amehesabu vibaya. Alikuwa amehesabu vibaya kweli. Kikamba cha Wagaki kilikuwa cha sokoni na Kikuyu cha Nzioka kilikuwa cha kuchekesha, kwa hiyo wakaoana na kugombana na kupatana kwa Kiswahili miaka thelathini na mitano.

Wagaki alitunza maabara katika shule moja ya wasichana. Mwaka wa 1995 mwalimu mmoja wa kizungu aliyekuwa akirudi kwao aliacha tangi la kioo lenye mimea, visamaki na vyura watatu wadogo kutoka misitu ya Kongo, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Shule nzima ilikataa mzigo huo. Wagaki akaupandisha kwenye lori la mumewe, akaushikilia magotini hadi nyumbani.

"Chura sebuleni?" Nzioka aliuliza.

"Ni wageni wangu. Wako wangapi wamekula hapa na hawakusema asante?"

Hapo Nzioka alisogeza meza ili tangi lipate nafasi, maana wengi wa hao walikuwa ndugu zake.

Vyura wale hawakutoka majini maisha yao yote, ila walipanda juu mara kwa mara kuvuta pumzi, kisha wakateremka tena kwenye majani. Wagaki aliwapa majina. Mnene asiyetaka kusumbuliwa alikuwa Chifu. Jike lenye madoa na macho ya kudharau alikuwa Bibi Askofu. Wa tatu, dume jembamba, alikuwa na desturi ya kunguruma kwa sauti nyembamba kila jua likielekea kuzama, kama mtu anayejisomea faili, na huyo akaitwa Karani. Visamaki vyenye mikia ya rangi aliviita raia, kwa sababu vilikuwa vingi na havikuwa na majina. Nzioka alicheka, akazoea, akaacha kuwaona.

Mwezi wa Mei, mwaka wa 1999, Wagaki alianguka jikoni akimenya viazi. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Walipomrudisha kutoka hospitali alikuwa mtu wa kuketishwa na kulazwa, macho yakiwa wazi na uso umenyamaza. Daktari alimwambia Nzioka kwa upole kwamba huenda mama haelewi tena kinachosemwa, na kwamba hakuna wa kulijua hilo kwa hakika. Nzioka alitoka hospitalini na neno hilo moja, huenda, akaling'ang'ania kwa jino na ukucha.

Aliweka kiti cha mkewe sebuleni mbele ya tangi, mahali ambapo angeweza pia kuona uani kupitia mlangoni. Hakuwa na mpango wowote. Palikuwa na mwanga tu. Siku ya tatu aliona macho ya mkewe yakimfuata Karani. Karani alipanda, macho yakapanda. Karani alishuka, macho yakashuka. Baada ya mwezi, vidole vya mkono wa kulia, ule uliokufa, vilianza kutetemeka kila chura huyo alipokaribia kioo.

"Hiyo ni kazi nzuri, Mzee," alisema Katunge, nesi mstaafu wa jirani aliyekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha Wagaki viungo. "Hao vyura wasitoke hapo. Kuna mtu huko ndani anaangalia."

Kwa hiyo Nzioka, aliyeendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba na hakuwahi kumlisha hata paka, akawa mchungaji wa vyura. Kwenye droo alikuta daftari la mkewe, limeandikwa kwa ile hati yake iliyosimama wima: mimea ipunguzwe lini, mchanga uoshwe vipi, raia walishwe kiasi gani. Ukurasa mmoja ulisema: "Vyura hawaoni vizuri. Ukiwatupia chakula, samaki wanakula chote. Shika kipande cha ini kwa kibano, weka mbele ya pua ya chura, ngoja. Usimharakishe. Akijua kipo, atafungua mdomo." Nzioka alifanya hivyo kwa vyura wiki nzima, mkono ukiuma, kisha siku moja akafanya hivyohivyo kwa mkewe. Kabla ya hapo alikuwa akimsukumia kijiko, uji ukimwagika kidevuni na wote wawili wakiishia kulia. Sasa aliweka kijiko mbele ya midomo yake, akangoja. Wagaki akafungua mdomo. Nzioka alimlisha bakuli lile hadi likaisha.

Binti yao Mwongeli hakuona kitu cha kufurahia. Alifanya kazi kiwandani Athi River, akiishi kwenye nyumba ya kupanga huko Mlolongo, na kila mwisho wa mwezi alikuja na sabuni, dawa na macho yaliyovimba. Alimpenda mama yake, na kwa sababu hiyo alikuwa ameshamzika moyoni ili asiumie kila siku.

"Baba, hata mtoto mchanga anaangalia kitu kikicheza," alisema mwezi wa Julai mwaka wa 2000. "Mama hayuko tena. Na wewe unaisha. Umekonda, hulali. Niko na msichana wa kunisaidia kule. Mwisho wa Agosti nakuja na gari, nimchukue."

"Anaelewa, Mwongeli."

"Kama anaelewa, anionyeshe kitu kimoja tu. Kimoja. Nitaacha hayo maneno."

Nzioka alijua kwamba Wagaki akiondolewa mbele ya kioo kile na kulazwa kwenye chumba cha Mlolongo akitazama dari, hata kile kidogo kilichobaki kingezimika. Jioni aliketi kando yake akimsihi, kama mtu anayebembeleza askari: "Mama Mwongeli, sema hata neno moja. Nipe hata ishara." Wagaki alimtazama Karani.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Umeme ulikuwa wa mgao, pampu ndogo ya tangi ikalala zaidi ya kuamka, lakini mimea ilikuwa mingi na vyura hawakujali. Tatizo lilikuwa maji. Tangu Wagaki augue, Nzioka alijazia tangi kwa maji ya mvua aliyokinga kutoka paani. Katikati ya Agosti yakaisha hadi tope la chini. Mfereji ulikuwa umekauka miezi miwili. Ndani ya tangi maji yalishuka hadi nusu, yakawa na rangi ya chai, na raia wakaanza kukaa juu wakihema.

Jumatatu lori la maji lilipita mtaani. Kulikuwa na hofu ya kipindupindu, hivyo maji yalikuwa yametiwa dawa kali. Harufu yake ilikufikia kabla hujafika kwenye foleni. Nzioka alijaza pipa lake la bluu lililokaa uani chini ya paa, kisha akafungua daftari.

"Maji ya mfereji au ya lori yana dawa," Wagaki aliandika. "Watu hayawadhuru. Chura hunywa kwa ngozi, yatamuua. Dawa hutoka yenyewe kwa hewa. Maji yalale siku mbili bila kifuniko."

Siku mbili, Nzioka alikubali. Hata angelaza tatu, kwa usalama. Lakini bila kifuniko? Aliangalia jua la Agosti, vumbi lililokuwa likipita barabarani, kuku wa jirani waliokuwa wakinyoosha shingo. Maji ya kupanga foleni kwa saa nne, katika mwaka ambao watu walikuwa wakichota matope, yaachwe wazi? Akatabasamu. Wagaki alijua vyura, lakini hakuzaliwa Yatta. Akaliweka funiko la plastiki, akapitisha pete ya chuma inayolikaza, akaibana mpaka ikalia.

Alipogeuka aliona kupitia mlangoni kwamba mkewe ameinua mkono wa kushoto, ule mzima. Kiganja kilikuwa kimeangalia juu, na mkono ulikuwa ukipanda, unashuka kidogo, unapanda tena. Akaenda mbio.

"Unataka kuinuliwa, mama? Umechoka kukaa?" Akamshika kwapani, akamwinua, akaweka mto vizuri. Mkono ukainuka tena. Akamwinua tena. Jumanne alifanya vile asubuhi yote. Jumatano Katunge alikuja, akatazama, akasema labda mgongo unamuuma, wakampaka dawa ya kuchua. Mkono ukaendelea kupanda, kiganja juu, hadi ukachoka ukaanguka wenyewe. Alhamisi asubuhi uliinuka mara tatu tu. Nzioka alimwinua mara tatu, akamwambia kwa hasira kidogo, "Basi, mama, nimekuinua, nifanye nini tena?" Hasira hiyo baadaye ilimla kama mchwa.

Alhamisi saa tisa alifungua pipa, akachota ndoo mbili, akamimina kwenye tangi polepole akitumia sahani ili mchanga usitimuke, kama daftari lilivyosema. Maji yalipanda, yakang'aa. Akarudi nyuma kuyatazama, akajisikia mtu wa maana.

Raia ndio walioanza. Walikimbia huku na huku, wakagonga kioo, wakapinduka matumbo juu, mmoja, watano, wote. Chifu, ambaye hakuwahi kuharakishwa na yeyote, alipanda juu akizungusha miguu ovyo. Bibi Askofu alijikunja chini ya majani. Ngozi ya Karani iligeuka nyeupe. Nzioka aliingiza pua kwenye ndoo tupu na harufu ikampiga: dawa, kali kama ilivyotoka kwenye lori. Siku tatu, na haikuwa imetoka hata kidogo, kwa sababu haikuachiwa pa kutokea.

Alitoka mbio na sufuria mkononi. Nyumba ya kwanza, maji ya lori. Nyumba ya pili, maji ya lori. Kwa Katunge aliingia bila hodi.

"Sista, uko na maji yoyote ambayo si ya lori?"

"Niko na nusu mtungi ya chemchemi ya Iveti, nimeweka ya chai. Kuna mtu amezimia?"

"Nipe. Nakuomba, nipe."

Katunge alichukua mtungi mwenyewe, wakakimbia pamoja, mzee na mama mtu mzima, kanga ikimdondoka njiani. Waliwahamisha vyura kwenye sufuria ya maji safi. Chifu alikuwa amekwisha kufa. Bibi Askofu alikufa kabla ya jua kutua. Karani alivuta pumzi usiku kucha, na Ijumaa asubuhi Nzioka alimkuta ameelea, vidole vyake vidogo vimetanuka.

Wagaki aliona yote. Kiti chake kilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Ijumaa Nzioka alipoleta uji, aliweka kijiko mbele ya midomo yake, akangoja kama daftari lilivyofundisha. Alingoja hadi uji ukaganda. Mdomo haukufunguka. Wagaki alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimetulia kabisa.

Mwongeli angefika Jumapili.

Hofu humfanya mtu mzima kuwa mjinga, na Nzioka aliogopa kuliko siku breki zilipomkatikia mlimani Mazeras. Jumamosi alfajiri alivaa gambuti, akabeba ndoo, akapanda vilima vya Iveti hadi kwenye ile chemchemi. Wanawake waliokuwa wakiteka maji waliona mzee wa miaka sitini na minne akitambaa kwenye tope, akirukia majani, akianguka kifudifudi. Mmoja alimuuliza kama amepoteza pesa. Aliporudi saa nane, magoti yanatoka damu, alikuwa na chura mmoja wa kahawia, chura wa kawaida wa majani, pamoja na maji ya chemchemi ya kujaza robo ya tangi. Alimwaga maji yenye dawa, akatia hayo na chura ndani.

Chura yule hakuwa wa kukaa majini. Alipanda kioo mara moja, akateleza, akapanda. Nzioka alifunika tangi kwa ubao, akaweka jiwe juu yake.

"Mama Mwongeli, ona," alisema. "Karani amepona."

Wagaki alimtazama mumewe, kisha akafumba macho. Hakula jioni hiyo pia.

Jumapili saa nne gari lilisimama nje. Mwongeli aliingia na blanketi jipya, akamsalimia baba, akambusu mama kwenye paji la uso, akaona tangi. Mimea ilikuwa imeanza kuoza. Chura wa kahawia alikuwa akijirusha, akijigonga kichwa kwenye ubao, anaanguka, anajirusha tena.

"Baba, huyu si yule."

"Ni mgeni."

"Baba." Alimshika bega. "Hajala tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Mwongeli aliingia chumbani, akatoka na nguo za mama yake, akaanza kuzikunja kwenye meza, moja moja, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. Nzioka aliketi akashika tama. Aliombwa kitu kimoja tu na hata hicho alikuwa amekiua kwa mikono yake.

Chura akagonga ubao. Wagaki akafumbua macho. Mkono wa kushoto ukainuka, kiganja juu, ukapanda.

"Anataka kuinuliwa," Nzioka alisema kwa uchovu, akainuka, akamshika kwapani.

Wagaki alimsukuma. Ulikuwa msukumo wa mtu asiyekula siku tatu, dhaifu, lakini kiganja kilimgusa kifuani na kumwondoa. Kisha mkono ukarudi palepale, juu, juu. Nzioka akasimama. Kwa mara ya kwanza hakuutazama mkono, aliyatazama macho. Yalikuwa kwenye ubao.

Akaondoa jiwe. Akainua ubao. Chura akaruka ukingoni, akatua juu ya gauni lililokunjwa, Mwongeli akapiga ukelele, na kwa kuruka mara tatu nne akawa ametoka mlangoni.

"Haya, mama. Nimemtoa. Ameenda."

Lakini mkono haukushuka. Macho ya Wagaki yalikuwa yamepita tangi, yamepita mlango, yamefika uani. Nzioka aligeuka kuona anatazama nini. Pale chini ya paa lilikuwa pipa la bluu, na funiko lake, na pete yake ya chuma aliyoirudisha Alhamisi, kwa mazoea, katikati ya mauti yale yote.

Jumatatu ikamrudia. Jumanne asubuhi yote. Jumatano, dawa ya kuchua mgongoni. Alhamisi, mara tatu, na vile alivyomkaripia. Akashika ukingo wa kiti.

"Anajua," alisema. "Mwongeli, siku zote alikuwa anajua."

"Anajua nini, Baba?"

Ili amjibu ilibidi aseme ni nani aliyewaua vyura, na nani aliyeonywa siku tatu mfululizo na mtu asiye na sauti, akamjibu kwa mito. Akatoka nje. Pete ilikuwa imebana; akaivuta kwa nguvu, ikamkata kidole, ikaachia. Alipong'oa funiko, harufu ya dawa ikapanda usoni mwake. Akaliinua funiko juu ya kichwa, ili aliye kwenye kiti alione.

Ndani ya nyumba mkono wa Wagaki ulishuka polepole, ukatulia kwenye goti lake.

Mwongeli alikuwa amesimama na sketi ya mama yake mkononi. Alimtazama mama, akalitazama pipa, akamtazama mama tena. Akapiga magoti mbele ya kiti, akauchukua ule mkono, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia tangu utoto, "Mama? Unanisikia?" Uani Nzioka alibaki amekumbatia funiko lake, akilia kwa sauti, na maji yakiwa wazi mbele yake.